Henzirani ya Mwalimu Deraman

Asubuhi ile darasa la nne A lilinyamaza kabla Mwalimu Kalsom hajafika mlangoni. Ilikuwa Jumapili. Wengine katika familia yetu husema Jumatatu, lakini katika jimbo letu la Kelantan juma la shule huanza Jumapili, na mama yangu, ambaye ni mdogo wake Kalsom na alifundisha shule hiyohiyo, anakumbuka kwamba sare za watoto zilikuwa bado na mikunjo ya pasi. Watoto walikuwa wameketi wima, wamekunja mikono juu ya madawati. Hakuna aliyekohoa. Hata mjusi wa darini, aliyezoea kulia wakati wa hesabu, alikuwa kimya. Na palikuwa na harufu ya wali wa manjano uliolala ukachacha.

Kalsom alisimama mbele yao na fimbo mkononi, akafurahi.

Fimbo hiyo aliipata Alhamisi iliyotangulia. Mwalimu Deraman, mwalimu wa nidhamu, alikuwa anastaafu, naye alikuwa mgonjwa kiasi cha kuletwa kwenye sherehe ya kumuaga akishikwa mabega. Walimu walikuwa wanakula wali na samaki wa kuchoma, wanataniana kama kawaida yao.

"Kalsom," alisema Mat Zin, mwalimu wa hesabu, "jana darasa lako lilisikika mpaka Siam. Askari wa mpakani wameuliza kama kuna vita."

Wote wakacheka.

"Angalia la mwenzako Suraya. Huyu akipiga chafya, darasa zima linamwombea dua!"

Nik Suraya alifundisha nne B, ukuta mmoja na Kalsom. Alikuwa ametoka chuoni mwaka uliopita, hakupiga mtoto, wala hakupaza sauti. Alipotaka utulivu alishusha sauti, na watoto waliinama mbele ili wamsikie. Kalsom alikuwa anafundisha tangu Suraya akiwa mtoto. Alicheka na wenzake, ila alicheka wa mwisho.

Ndipo Deraman alipoinua fimbo yake ya henzirani, nyembamba, iliyong'aa kwa jasho la mkono wake, akamnyooshea Suraya.

"Unaipokea, binti?"

Kwetu mtoto yeyote anajua jibu. Mzee mgonjwa akikunyooshea kitu na kukuuliza kama unakipokea, unamwambia akiweke chini.

"Iweke tu mezani, mwalimu," alisema Suraya. "Mimi fimbo siijui."

Kilichomchoma Kalsom si fimbo. Ni kwamba msichana yule aliulizwa kwanza.

"Nipe mimi," alisema, akanyoosha mikono yote miwili. "Naipokea."

Mama yangu alimfinya kiunoni, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Deraman alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia. Usiku uleule alikufa, akiwa amelala.

Tangu hapo Kalsom hakumpiga mtoto hata mmoja. Hakukuwa na sababu. Mkuu wa shule alileta wageni waone darasa lake, na Mat Zin akaacha utani wa Siam. Watoto waliandika, walifunga vitabu, walitoka kwa mstari, na walipofika uwanjani hawakukimbia. Mama yangu alimwambia, "Dada, mbona hawachezi?" Kalsom akamjibu, "Na wewe unanionea wivu sasa?"

Kisha sauti ya Suraya ikaanza kukwaruza. Baada ya siku chache ilikatika kabisa. Alifundisha kwa mikono na chaki, na watoto wake, badala ya kumtoroka, walimpenda zaidi. Walimletea asali na tangawizi, walinyamazishana wenyewe. Kalsom aliyaona yote kupitia dirisha, na kila alipotazama, ile harufu ya wali uliochacha ilimjia karibu, kana kwamba kuna mtu nyuma yake anayekula.

Kalsom alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Hanim, msichana wa miaka kumi, mwenye maneno mengi kuliko redio. Kwa sababu shule haikuruhusu mwalimu kumfundisha mwanawe, Hanim alisoma nne B.

"Mama, Mwalimu Suraya leo ametuchorea tembo. Mama, Mwalimu Suraya anasema mtu akikosea aulizwe kwanza. Mama, kwa nini darasa lako wanaogopa?"

"Hawaogopi. Wana adabu."

"Mimi ningekuwa kwako ningeogopa. Kwa Mwalimu Suraya..."

"Suraya, Suraya!" Kalsom alipiga kijiko mezani. "Laiti ningekaa siku moja humu ndani nisilisikie jina hilo!"

Mwadhini alikuwa anaadhini magharibi. Hanim alifungua mdomo ajibu, na mdomo ukabaki wazi.

Kalsom alidhani amenuna. Aliwasha taa, akatandika mswala, akaswali, na alipogeuka alimwona mtoto amekaa palepale, mgongo umenyooka, mikono ameikunja juu ya meza kama wale watoto wa nne A, macho hayamtazami mama yake bali kitu kilicho juu kidogo ya bega lake, kitu ambacho kilikuwa kinasogea polepole kwa sababu macho ya Hanim yalikuwa yanakifuata, kutoka bega la kulia hadi la kushoto, na harufu ilijaa chumba kizima, na kutoka ukutani ilipotundikwa henzirani ikasikika sauti ya kugonga kiganja, taratibu, pa, pa, pa, kama mwalimu anayepita katikati ya madawati bila haraka.

Kalsom na mama yangu walimpeleka kwa Tok Semiah, mganga mzee anayeishi ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Hakumgusa mtoto. Alimtazama Kalsom.

"Uliipokea kwa mikono mingapi?"

"Miwili, bibi."

"Na mdomo?"

"Na mdomo."

"Loo, mwanangu." Alinong'ona kama anayeogopa kusikiwa na mtu wa chumba cha pili. "Deraman alirithi jini hili kwa babu yake. Watu hulilisha wali wa manjano, wakidhani ndicho chakula chake. Wali ni kitafunio tu. Linakula wivu. Wewe umelipikia kila siku."

"Nifanye nini? Mtoto wangu aongee, bibi. Nitafanya lolote."

"Fimbo nitaiteremsha mtoni mimi mwenyewe. Lakini neno lilitoka kinywani mwako, sharti ulirudishe kwa kinywa hichohicho. Simama mbele ya watoto wote, sema hawa si wako, wamsikie wanayemtaka. Na umaanishe. Jini linajua kupima."

Jumapili iliyofuata, kwenye gwaride la asubuhi, wakati fimbo inaelea mtoni juu ya gogo la mgomba, Kalsom alipanda jukwaani.

"Watoto hawa si wangu," alisema. "Sitaki wanitii mimi tu. Wamsikie wanayempenda."

Alimaanisha. Mama yangu alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, na analisema hilo bila shaka yoyote.

Mtoto mmoja wa nne A akapiga chafya. Mwingine akacheka. Kelele ikalipuka uwanjani, watoto wakasukumana, wakaitana majina, Mat Zin akajifuta machozi. Na Hanim, aliyekuwa amesimama kando ya mama yake, akapumua kwa nguvu.

Kalsom alipiga magoti, akafungua mikono.

"Mwalimu Suraya!" Hanim akalia, akampita mama yake mbio, akaenda kumkumbatia yule mwingine kiunoni.

Kalsom alibaki amepiga magoti na mikono wazi. Alitabasamu, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Alimtazama Suraya akiushika uso wa mtoto wake.

Mama yangu aliisikia harufu kabla ya kusikia chochote kingine.

Mstari wa mbele ulinyamaza kwanza. Kisha wa pili, kisha ule wa nyuma yake, mpaka ukutani. Midomo ya Suraya ilikuwa inasema kitu bila sauti. Mikono ya Hanim ikalegea kiunoni mwake, ikashuka, ikajikunja kifuani, na mtoto akasimama wima.

Maneno yale mawili ndiyo ya mwisho ambayo mtu yeyote aliyasikia kutoka kwa Hanim. Mama mkubwa Kalsom alifundisha mpaka akastaafu, na darasa lake lilisifiwa kila mwaka. Hakushika fimbo tena. Hakuihitaji.