Mgongo wa Adelmo

Adelmo alikuwa mrefu, na alihakikisha mji mzima wa Ouro Preto unajua. Kwake kila mtu alikuwa kibeti: majirani, padri, hata watalii aliowaongoza ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu, nyuma ya jiko la bibi yake. Humo aliwachekesha. Alipinda mgongo, akakokota mguu, akakoroma, akiwaiga watumwa waliochimba mle. Nao watalii, wapumbavu wale, wakacheka mpaka machozi.

Ijumaa Kuu, kwenye maandamano ya kanisa, angebeba machela ya sanamu ya Bwana. Wabebaji wanane, mabega sawasawa. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuchaguliwa, na Adelmo aliitaka heshima ile kuliko kitu chochote.

Jumatano, jua likizama, akakumbuka kofia moja ya watalii imebaki mgodini. Bibi Efigênia akampa kikombe cha kashasa, pombe kali ya miwa.

"Wamwagie mlangoni. Kisha upige hodi."

"Nani ataniambia karibu, Bibi? Popo?"

"Wamo babu zako mle."

"Babu gani? Wale watumwa, punda wa Wareno?"

"Mdharau biu hubiuka, mjukuu wangu; amchekaye aliyepinda hupinda yeye," alisema bibi, akarudia maharage yake.

Mlangoni, Adelmo akainywa kashasa yote. Akaingia bila hodi.

Baridi. Harufu ya udongo mbichi... na jasho. Tangu adhuhuri hakuna aliyeingia mle. Kofia ilikuwa mwisho wa njia, dari liliposhuka. Akainama kuiokota.

Ko... ko... ko.

Sururu kwenye mwamba.

Tochi ikafifia. Mkono mdogo, mkavu, ukamgusa kiunoni. Ukapanda mgongo wake taratibu, pingili baada ya pingili.

"Tuonyeshe," sauti ikanong'ona. "Tuonyeshe tunavyotembea."

Alitoka akitambaa. Uani akajaribu kusimama.

Mgongo ukakataa.

Daktari alisema ni msuli umeshikwa na baridi, utaachia. Bibi alikwenda mlangoni pa mgodi kuomba, akarudi.

"Wanakutaka wewe mwenyewe uombe radhi," alisema.

"Mimi? Niliangukie shimo?"

Ijumaa, nafasi yake akapewa mwoka mikate, yule ambaye Adelmo alimwita kibeti kuliko wote. Adelmo akafuata machela nyuma, akipanda mtaa wenye mwinuko, amepinda, anakokota mguu. Mtu mmoja akacheka. Wakacheka wa pili na wa tatu.

"Hata leo, Adelmo?" mwoka mikate akamnong'oneza, machela begani. "Jinyooshe, bwana. Acha utani."

Adelmo akafungua kinywa ajieleze. Kikatoka kikoromo, kilekile alichokuwa akiwachekeshea watalii.

Mtaa mzima ukaangua kicheko.

Bibi Efigênia peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anayasikiliza mawe ya barabara. Chini yake: ko... ko... ko.