Baiskeli ya Kulalia Chali

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mdoe na Mbaruku walipofika Ngombezi, jirani na Korogwe, kuchagua baiskeli.

Mwaka ule wa 1975 Mdoe alikuwa na haja ya mwendo. Binti yake Fatu alikuwa amelazwa hospitali Korogwe, mkewe Mashavu akimuuguza, na kule Sindeni hakuna aliyeruhusiwa kukosa shamba la kijiji. Mchana jembe, jioni Korogwe, alfajiri arudi. Baiskeli yake ya zamani ilikuwa nzito kupita kiasi, na mtoto kila jioni alikuwa akiuliza baba yuko wapi.

"Nitakuchagulia mimi," Mbaruku alikuwa amemwambia.

Nani angekataa? Waliingia jando pamoja, wakalia pamoja, wakapona pamoja. Tena Mbaruku mwenyewe alikuwa mgonjwa, kikohozi cha mwaka mzima kimembakiza mifupa, na bado alijikongoja kumsaidia mwenzake. Rafiki wa namna hiyo utampata wapi?

Fundi Valerian, mzaliwa wa kambi za wakata mkonge, alitoa baiskeli tatu. Ya kwanza ilikuwa imara, lakini nzito vilevile. Ya pili nyepesi, ila fremu imeungwa mara mbili, ingemkatikia njiani. Ya tatu...

Ya tatu ilikuwa ya chini, ndefu. Mahali pa kiti palikuwa na kitanda chembamba cha kamba za mkonge. Mwendeshaji analala chali, miguu inatangulia kwenye pedeli. Mdoe aliinyanyua kwa vidole viwili.

"Hiyo upepo hauna pa kuishika," fundi alisema, macho chini. "Na mgongo hauumi. Kwa safari ndefu hakuna kama hiyo."

"Chukua hiyo," Mbaruku alidakia. "Ni zawadi yangu kwa Fatu. Lala nikupime kama inakutosha."

Alimpima kwa ufito, utosini hadi kisiginoni. Kisha akampima mabega.

"Mabega ya nini tena?" Mdoe alicheka. "Unanishonea kanzu?"

Mbaruku hakucheka. Aliukata ufito pale kipimo kilipoishia, akasema yeye atarudi kwa lori.

Mdoe, aliyekwisha kumwona Fatu siku hiyo, akashika njia ya Sindeni peke yake. Na baiskeli ilikimbia kwelikweli! Mikonge ilipita mstari kwa mstari. Alipanda kilima bila jasho, akamwaza Fatu, akafurahi. Kisha akagundua kwamba miguu yake ilikuwa imesimama kitambo.

Baiskeli ilikuwa inaendelea.

Mnyororo ulikuwa kimya. Badala yake... vishindo. Watu wengi, miguu peku, mwendo wa harakaharaka. Harufu ya karafuu maiti ikamjaa puani.

"Nipokee," sauti ilinong'ona karibu na sikio lake.

"Leta," ikajibu nyingine.

Kitanda kikayumba kidogo, kama jeneza linavyoyumba watu wakipokezana mabegani. Mdoe alitupa jicho pembeni. Ncha za mikonge, ambazo punde tu zilikuwa juu yake, sasa zilikuwa chini.

Alitaka kupiga kelele. Kinywa kikakataa.

Waliiacha barabara, wakaingia kichakani, wakasimama. Mbele yake palikuwa na udongo mbichi, na shimo. Refu kama yeye. Pana kama mabega yake. Hapo ndipo alipouelewa ule ufito. Ni mara ngapi yeye mwenyewe alimpimia maiti kaburi vilevile? Na leo alijilaza akapimwa, huku anacheka.

Kando ya shimo mtu akaanza kusoma talkini, maneno anayoambiwa maiti akishazikwa, akiitwa kwa jina la mama yake.

"Ewe Mdoe, mtoto wa Mwaija..."

Kikohozi kikaikatiza sauti.

Mbaruku!

Uchungu ulimpata kabla ya hofu. Afadhali angekuwa mchawi asiyemjua.

"Ewe Mdoe, mtoto wa Mwaija!"

 Wabebaji wakaanza kunong'onezana. Mwaija alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu siku ya kuzaliwa, na kijiji kizima kilimjua kuwa ndiye mama. Aliyemzaa alifariki kwenye uzazi. Siri hiyo Mdoe alimwambia mkewe tu.

"Siye," sauti ilisema.

Wakamtupa.

Alipopata fahamu kulikuwa kunapambazuka, na baiskeli haikuwapo. Shamba la kijiji hakulikumbuka hata kidogo. Alitembea hadi Korogwe, akaingia wodini adhuhuri.

Mbaruku alikuwa ameketi kitandani kwa Fatu, anammenyea chungwa, Mashavu kando yao.

Mdoe alimvuta hadi mlangoni. "Kwa nini mimi?" alinong'ona.

Machozi yalimtoka Mbaruku, ya kweli kabisa. "Walitaka mtu ninayempenda, azikwe badala yangu. Nina watoto sita, ndugu yangu."

"Basi umeshindwa. Jina hulijui."

"Nilikuwa silijui," Mbaruku alisema polepole. "Nisamehe."

Mdoe alimwachia. Akamgeukia mkewe. "Mashavu, umemwambia nini huyu?"

"Kaniuliza habari za ukoo wenu," Mashavu alijibu, bado anatabasamu. "Nikamwambia aliyekuzaa ni marehemu Zuena. Kwani vibaya, baba Fatu? Si ndugu yako?"

Mdoe akageuka. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Baba," Fatu aliita, "na kesho utakuja?"

Mdoe aliketi, akaushika mkono wa mwanawe. Kisha akatazama jua dirishani, akihesabu saa zilizobaki kabla ya giza.