Mabua Yaliyoachwa Bila Kuchomwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Ravneet alikuwa akimpelekea baba yake chapati na maziwa mgando shambani. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, na alijua kwamba katika kijiji chao cha Punjab hakuna aliyemfikia baba yake kwa usafi wa shamba. Mpunga ukishavunwa, baba huyo, Balkar Singh, alichoma mabua yote kwa siku moja, ardhi ikabaki nyeusi tii, tayari kwa ngano. Huko kwao, shamba jeusi ndilo shamba la mchapakazi. Anayeacha mabua husemwa hadi harusini.

Novemba hiyo, siku moja kabla ya kuchoma, Shangazi Kulwant, dada yake Balkar, alipiga simu kutoka Delhi. Mwanawe Angad, mtoto wa miaka saba mwenye pumu, alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali. Jiji zima lilikuwa limefunikwa na moshi, shule zimefungwa, na daktari alishauri mtoto aondolewe upesi.

"Mlete leo leo!" Balkar alisema. "Huku hewa ni tele, tena ya bure."

Walifika kwa treni jioni. Maskini Angad! Kifua kilianza kupiga filimbi tangu getini, maana majirani watatu walikuwa wakichoma mashamba yao. Shangazi alimpa dawa ya kuvuta, akamsugua mgongo, na pumzi ilichelewa sana kurudi. Ravneet hakuwa amewahi kumwona mtu akiipigania hewa.

"Moshi wa Delhi huo, umemfuata," Balkar alisema.

"Baba, Delhi ina magari na viwanda vyake, ni kweli. Lakini mwalimu alituonyesha, upepo wa mwezi huu unatoka kwetu kwenda kwao. Na moshi huu wa leo ni wetu kabisa. Kesho utakuwa wako."

"We mtoto, una mdomo! Ngano isipoingia ardhini wiki hii, mwakani tutakula nini? Mwalimu wako atatulisha?"

Ravneet aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga, lakini hakufuta neno lake. Ndipo Angad akauliza kutoka kitandani, kwa sauti ndogo, "Mjomba, kesho ukichoma, nijifungie chumba gani?"

Balkar akainuka, akafunga madirisha yote.

Alfajiri aliondoka bila kunywa chai. Ravneet akamfuata hadi ofisi ya ushirika, kulikokuwa na mashine inayopanda ngano katikati ya mabua bila kuchoma chochote. Miaka yote Balkar aliiita mashine ya wavivu. Sasa foleni yake ilikuwa ya siku nane, na siku nane hakuwa nazo.

Akasimama mbele ya watu, akavuta pumzi. "Jamani, niliwacheka. Nisameheni. Nyumbani nina mtoto mgonjwa."

Mzee Nihal, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akapapasa ndevu. "Chukua zamu yangu. Ila kwanza useme kwa sauti: Nihal si mvivu."

"Nihal si mvivu!"

"Sijasikia, masikio ya uzee haya."

Balkar alisema mara tatu, ofisi nzima ikicheka, naye akacheka nao. Ravneet alimwonea fahari baba yake kuliko siku zote za shamba jeusi.

Majirani walimtania wiki nzima. "Balkar, umepanda ngano au umewajengea panya nyumba?" Kila asubuhi Balkar alifukua udongo kwa kidole, akitafuta chipukizi. Siku ya tisa, mistari ya kijani ilichomoza katikati ya mabua. Watani wawili wakaenda kimyakimya kuandikisha zamu ya mashine kwa mwaka ujao.

Moto wa majirani nao ukaisha, na kifua cha Angad kikatulia. Siku ya kuondoka, moshi wa Delhi ulipopungua, alikuwa akikimbiza kunguru pembeni mwa shamba, mama yake akimwita apunguze mbio, wapi!

Balkar alimwangalia, kisha akamshika bintiye bega.

"Ravneet, nilidhani moshi ukishavuka shamba langu si wangu tena. Kumbe ulikuwa unaingia nyumbani kwa dada yangu. Mwanangu, jirani yako ni kila anayevuta hewa uliyoichafua wewe, hata akiwa mbali na hujui jina lake. Wewe uliniambia kweli nikakufokea. Usiache kuniambia."