Mchezaji wa Nne

Mwaka ule wa themanini na mbili, foleni ya sabuni pale duka la ushirika ilikuwa ndefu hadi inapinda kona. Wenye akili waliacha mawe yawashikie nafasi, wenyewe wakaenda kivulini kusengenya. Magreth hakuwa na jiwe. Alikuwa na gauni la kitenge la njano lililomshika kiuno vizuri, viatu vilivyomuuma, na saa moja tu kabla ya kurudi zamu kwenye mitambo ya simu ya posta.

"Samahani dada," sauti ikamjia kutoka nyuma. "Ungepewa nafasi ya kuwa mtu mwingine, ungekuwa nani?"

Akageuka. Kijana mrefu, shati la kaki, daftari mkononi.

"Ningekuwa yule aliye mbele kabisa."

Foleni ikacheka. Kijana naye akacheka, akaandika.

"Unaandika nini? Wewe usalama wa taifa?"

"Mimi Lukasi, wa utafiti wa korosho kule Naliendele. Natafuta mtu wa kucheza naye."

Hapo hata waliokuwa kivulini walirudi kwenye mawe yao. "Kucheza naye nini, mwenzetu?" akauliza Bi Mwaisha, jirani yake Magreth wa mtaa wa Likombe, mwanamke ambaye habari haikuhesabika kuwa habari mpaka ipite kwake.

Lukasi akaeleza bila aibu. Mtaalamu mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba alimwachia kijitabu cha mchezo. Ubao hauna, kete hauna. Mnakaa mezani, mmoja anasimulia, na kila mwingine anajivika mtu: nahodha, mganga, mwindaji. "Sasa mmefika Ruvuma, mtumbwi umetoboka, mamba wanawatazama. Unafanya nini? Unasema mwenyewe. Halafu unarusha dadu, dadu ndiyo inaamua kama umeweza."

"Mbona sijawahi kuusikia?"

"Hata huko Ulaya hawaujui. Wao wanacheza mwingine wenye jina. Huu hauna jina wala watu. Tuko watatu, mimi, Mwalimu Paulo na Saidi wa bandarini. Kijitabu kinataka wanne. Nimezunguka ofisi nzima nikiomba, wananiambia nioe."

Magreth alicheka mpaka akasahau viatu. "Ningemzibia mamba macho kwa kitenge changu," akasema, "kisha ningeuza ngozi yake ninunue sabuni."

Lukasi akafunga daftari. Alikuwa amempata.

Tangu siku hiyo simu kutoka Naliendele ziliongezeka, na Magreth ndiye aliyezipokea.

"Mtwara. Namba tafadhali?"

"Nipe mchezaji wa nne."

"Namba hiyo haimo kitabuni."

"Imo. Inavaa njano."

"Lukasi wee! Kuna watu wanangoja kuunganishwa."

"Hata mimi nangoja, mpenzi."

Lile neno la mwisho lilimponyoka mara ya kwanza, mara ya pili hakulizuia. Wiki ya tatu walikuwa wanaitana hivyo mchana kweupe. Jumamosi moja walitembea mpaka Shangani wakala pweza, na Magreth akarudi nyumbani akiimba wimbo asioujua maneno. Lakini kwenye mchezo wenyewe alikuwa bado hajafika.

"Nyumba ya kapera, nije kufanya nini? Mama yangu Mngoni wa Songea, atanivunja miguu. Mwandikie barua, umweleze mchezo ni nini, uombe ruhusa kwa adabu."

Lukasi akaandika. Siku hiyo mvua ya masika ilikuwa inanyesha kwa zamu, basi akaifunga barua kwa kitambaa chake cheupe isilowe, akampa tarishi wa ofisi, Mzee Gaudensi. "Mzee, hii mfikishie mama yake Magreth. Ni muhimu sana kwangu."

Sasa, Mzee Gaudensi asubuhi alikuwa tarishi, lakini jioni alikuwa mshenga. Nusu ya ndoa za Likombe yeye ndiye aliyezipelekea posa. Alipotiwa mkononi barua ndani ya kitambaa cheupe, kama zifungwavyo barua za posa, hakuuliza swali. Alienda kwake akavaa koti, akaacha baiskeli, akatembea katikati ya barabara ili aonekane.

Akaonekana. Bi Mwaisha alimwona wa kwanza, na kabla mzee hajafika mlangoni wanawake saba walikuwa wameingia kwa mlango wa nyuma. Vigelegele vikapigwa. Soda za jirani zikakopwa. Magreth alisimama nyuma ya pazia la chumba. Alikuwa ameomba barua ya ruhusa. Kumbe mwenzake amepita mbali zaidi! Akajifunika uso kwa kanga, akacheka peke yake.

"Kuna kijana," Mzee Gaudensi akatamka kwa sauti yake ya kazi, "ameliona ua katika bustani hii."

Mjomba wake Magreth akavaa miwani, akafungua kitambaa, akasoma kwa sauti: "Mama yangu, shikamoo. Naomba binti yako awe mchezaji wa nne katika mchezo wetu wa Jumamosi. Dadu zipo, karatasi zipo. Aje na kalamu tu."

Mjomba akageuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Basi?" akauliza Bi Mwaisha.

"Basi."

Mama akasimama taratibu. "Huyo kijana kabila gani?"

"Mhehe wa Iringa," Mzee Gaudensi akajibu, jasho linamtoka ndani ya koti.

"Ahaa. Watani zetu. Wangoni na Wahehe tunataniana hata msibani, sikatai. Lakini utani wa posa, sebuleni kwangu?"

Nyuma ya pazia kanga ilikuwa bado usoni, lakini kicheko kilikwisha.

Kesho yake Lukasi alipiga, hajui hili wala lile. "Mpenzi! Mama kakubali?"

Magreth akachomoa waya. Siku tisa akachomoa waya. Naliendele wakaanza kulalamika kwamba laini yao mbovu. Mjini wakamwita "ua la dadu", hata wauza samaki.

Siku ya tisa Mzee Gaudensi, aliyekuwa akimkwepa Lukasi kwa aibu, alibanwa naye ofisini akasema yote. Lukasi alikaa chini kwenye gunia la mbegu. Siku ya kumi akapiga tena.

"Mtwara. Namba tafadhali."

"Usikate. Kosa la kitambaa ni langu. Lakini linaloniuma ni jingine. Nimeambiwa ulikuwa nyuma ya pazia, ukasikika ukicheka kwa furaha. Ni kweli?"

Taa ya laini nyingine ikawaka mbele ya Magreth, akaiacha iwake.

"Magreth?"

"Nilifurahi," akasema polepole. "Mbele ya mtaa mzima, Lukasi. Ndiyo maana siwezi kukutazama."

"Basi usinitazame. Jumapili nakuja mwenyewe, bila mshenga, nimtazame mama."

Akaja, na wenzake wawili, na dadu mfukoni. Nyumba ilijaa; nani angekosa? Akapiga magoti, akaomba radhi mbele ya wale wale waliopiga vigelegele.

"Inuka, mtani," mama akasema. "Kwanza tuuone huo mchezo uliotuaibisha."

Ilipofika saa kumi na mbili mama alikuwa nahodha, Bi Mwaisha mganga tapeli, na mamba wawili walikuwa wamekufa kwa matusi. Wachezaji wanane, wengine wanagombania zamu. Magreth peke yake hakucheza. Alikaa pembeni akimtazama Lukasi anavyosimulia.

"Haya, umepata wachezaji," mama akasema, akiweka dadu chini. "Bado wamtaka huyu?"

"Mchezo hata ukifa, mama, huyu namtaka."

"Hayo wanasema wazee. Wa kwenu wako wapi?"

Baba yake Lukasi alikuwa katekista misheni kule Iringa, na misheni ilikuwa na simu. Jumatatu asubuhi Lukasi aliingia kibandani pale posta, na Magreth kwa mkono wake mwenyewe akaunganisha laini.

"Baba, nataka kuoa. Mngoni, anaitwa Magreth."

"Mngoni!" Mzee akacheka mpaka waya ukakwaruza. "Ana tabia gani?"

"Ana hasira, baba. Alinikatia simu siku tisa. Na ana moyo. Ya kumi alinisikiliza."

"Na mwenyewe amekubali?"

Lukasi akashika mkonga kwa mikono miwili. Alikuwa amemwomba mama, amemwomba mtaa, sasa anamwomba baba. Magreth mwenyewe hakuwa amemuuliza.

Kwa kanuni za posta mwenye mitambo hasikilizi maongezi ya watu, seuze kuyatia mdomo. Magreth akavuta kipaza sauti.

"Amekubali, baba," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu!" mzee akajibu. Kisha mwenzake wa mitambo ya Iringa, ambaye naye hakupaswa kusikia, akaingia akipenga kamasi: "Dakika tatu zimekwisha. Lakini endeleeni tu. Saa yangu mbovu."