Kitambaa cha Mwani

Kabula hakuwa na saa ya mkononi, wala baiskeli, wala kaka wa kumpokea ndoo ya maji njiani. Hakuwa na sweta ya shule isiyo na kiraka. Hakuwahi kuiona bahari. Hayo yote aliyazoea, maana pale kijijini Lingeka watoto wengi walikuwa kama yeye. Kitu kimoja tu hakukizoea: hakuwa tena na babu wa kutembea naye.

Babu yake, Mzee Ndalahwa, ambaye Kabula alimwita Guku kwa Kisukuma cha nyumbani, alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu. Kilianza kwa kukwaruzwa na plau, kikakataa kupona. Kilitoa maji usiku na mchana, suruali ikalowa, nzi wakamfuata. Zamani Guku alikuwa wa kwanza kufika kwenye ghala la ushirika siku ya kupima pamba, akitaniana na kila mtu. Sasa alikihamishia kigoda chake nyuma ya zizi, ili harufu isimfikie mtu.

Kila asubuhi kabla ya shule, Kabula alichemsha maji, akayaacha yapoe, akaenda nyuma ya zizi.

"Mwangaluka, Guku."

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Umekuja kunitesa?"

"Nimekuja kukuosha kidonda."

"Ni kitu kilekile."

Guku aliweka ukingo wa kofia yake katikati ya meno, na Kabula akaanza kuitoa pamba ya jana. Ilikuwa pamba ya shamba lao wenyewe, iliyochumwa tu ikatiwa kidondani. Guku hakutaka nyingine. "Pamba hii inavalisha watu hadi Ulaya," alisema. "Itashindwa na kidonda?" Lakini pamba ilinata. Nyuzi zake zilibaki kwenye nyama, damu ikatoka, na ukingo wa kofia ulijaa alama za meno.

Siku moja Shangazi Scola, anayeuza nyanya sokoni Bariadi, alikuja kuwasalimia. Alipouona ule mguu, hata kukaa hakukaa.

"Baba, huu ukiachwa hivi utakatwa. Kesho tunaondoka wote kwenda hospitali."

Jioni ile Guku alifunga mfuko wake wa safari. Ilikuwa likizo, kwa hiyo Kabula naye alifunga nguo zake, maana ndiye aliyejua kuuosha mguu ule.

Hospitalini Bariadi, daktari alimpima Guku sukari, akakagua jinsi damu inavyofika miguuni, kisha akamkabidhi kwa muuguzi Klementina, mama mnene mwenye sauti ya kuimba. Muuguzi alishika kibano, akaanza kuzing'oa zile nyuzi taratibu.

"Mzee, unalima pamba?"

"Daraja la kwanza," Guku akajibu kwa fahari.

"Nimeiona. Ila iache ipite kiwandani kwanza. Ya shambani ina vumbi na uchafu, na nyuzi zake zinabaki humu kidondani."

Kisha akachana pakiti, akatoa kitambaa cheupe, laini kama sufi. "Hiki kimetengenezwa kwa mwani," akasema. "Mwani ni mimea inayoota baharini."

Bahari! Mawazo ya Kabula yaliondoka pale pale. Aliyaona maji ya bluu yasiyo na ng'ambo, kama ya kwenye kitabu cha jiografia, akajiuliza kama ng'ombe wanaweza kuyanywa. Muuguzi aliendelea kueleza huku akifunga bandeji. Mawazo yaliporudi, alikuwa anaulizwa:

"Umeelewa, Kabula?"

Kabula aliona aibu. "Nimeelewa," akasema.

Walikaa kwa shangazi, wakingoja siku ya kurudi kliniki. Kesho yake, shangazi akiwa sokoni, Kabula aliona bandeji imelowa pembeni. Akaifungua. Kitambaa cheupe hakikuwepo! Mahali pake palikuwa na ute mzito wa manjano, unaonuka kama tope la lambo la kunyweshea ng'ombe.

"Guku! Mguu umeoza!"

Guku aliinama, akatazama, akasonya. "Na sisi watu wa ng'ombe tulitafuta nini baharini?"

Kabula akaufuta ule ute wote. Guku akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa safari, akatoa pamba kidogo kwenye fungu alilolificha chini ya nguo, ikatiwa kidondani. Walipoamka asubuhi, pamba ilikuwa imenata kama zamani, na kofia ikarudi menoni.

Siku ya kliniki, wakiwa njiani, Guku alimnong'oneza mjukuu wake. "Sema kitambaa kilidondoka nikiwa naoga. Yule mama akijua tumekitoa, atatufukuza, na mguu wangu ndiyo basi."

Muuguzi Klementina alifungua bandeji, akaiona pamba. "Kitambaa changu kiko wapi?"

Guku alikohoa. Kabula aliutazama ule mguu. Akiufikiria umekatwa, alitamani kusema kilidondoka. Lakini je, muuguzi atautibuje mguu asiojua habari zake?

"Nilikitoa mimi," akasema, machozi yakimlengalenga. "Kiligeuka ute, nikadhani mguu umeoza. Na siku ile uliponiuliza kama nimeelewa, sikuwa nimesikiliza. Nilikuwa nawaza bahari."

Kisha muuguzi akauliza, "Ulipokitoa, kilinata?"

"Hapana. Kiliteleza tu."

"Na babu alipiga kelele?"

Kabula alifikiri, macho yakamtoka. "Hata kofia hakuing'ata!"

"Ni kweli," Guku akasema polepole, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia habari hiyo. "Sikuing'ata."

Muuguzi alicheka mpaka kiti kikalia. "Basi hakuna kilichooza! Kitambaa kile hunywa maji ya kidonda, kikishiba kinageuka ute. Ule ute unakilinda kidonda, na siku ya kubadilisha unatoka bila kuchubua nyama mpya. Mkiona wekundu unasambaa, au homa, au harufu mbaya inayobaki hata baada ya kuosha, hapo njooni mbio. Haya, Kabula, nirudishie maneno yangu."

Kabula alirudia. Alikosea mahali pamoja, akasahihishwa, akarudia tena. Guku naye, bila kuombwa, alilitoa fungu la pamba mfukoni akalitupa kwenye ndoo ya taka.

Tangu hapo walifuata masharti. Guku aliinua mguu juu ya mto kila alipokaa, na bandeji ilikazwa kama daktari alivyoagiza. Maji ya kidonda yakapungua wiki hadi wiki. Yalipokaribia kukauka, muuguzi alibadilisha kitambaa, maana kile cha mwani ni cha kidonda chenye maji mengi tu. Siku ya mwisho ngozi mpya ilikuwa imefunga, nyororo na ya kung'aa.

"Kabula," muuguzi akasema, "ungenidanganya, ningekifunga kitambaa kile kile, na wewe ungekitoa tena kwa hofu. Mwishowe ningeamini kidonda kimeshindikana. Mtu akiniambia hajaelewa, namweleza upya, yanaisha. Akisema ameelewa na kumbe bado, anayeumia ni mgonjwa. Hata darasani ni hivyo hivyo."

"Wabeja," Kabula akajibu. Asante.

Msimu wa pamba ulipofika, Guku alisimama kwa miguu yake kwenye ghala la ushirika. "Mwaka huu nimeileta yote!" akamwambia karani. "Hakuna iliyobaki mguuni!" Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Jioni hiyo alimwita Kabula aandike barua kwa mdogo wake, Masalu, wa kule Bukundi, ambaye naye alikuwa na kidonda cha mguu alichokitia pamba, na kichwa kigumu.

"Si tumpigie simu, Guku?"

"Nikianza kumsema, anakata. Karatasi haikati. Mwambie atoe pamba, aende hospitali wakamkague, kwa sababu kila kidonda kina tiba yake. Na andika kwamba mimi nilikuambia udanganye, wewe ukakataa."

"Hilo nalo?"

"Hilo ndilo atakaloliamini."

Kabula aliikunja barua. Gundi hakuwa nayo, akapaka ugali wa moto kwenye ukingo wa bahasha, Guku akaubana kwa kidole gumba mpaka ukashika. Asubuhi walitembea pamoja, bega kwa bega, hadi barabarani. Basi la kwenda Bukundi likasimama, na Guku mwenyewe akapanda ngazi, akamkabidhi kondakta bahasha.