Kompyuta ya Lynnet Iliyolowa

Jumatatu, tarehe 15 Februari 1999, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Lynnet alifungua duka lake la kuchapa barua mjini Homa Bay akakuta kompyuta imezimika na maji yanadondoka kutoka ndani ya kasha. Alipiga yowe lililomtoa kinyozi wa jirani mkasi ukiwa mkononi.

Koplo Gesare alifika saa tatu kasorobo. Alikuwa mama mpole, mwenye sauti ya chini, na watuhumiwa walimdharau hadi wajikute wameshasema yote. Alimpa Lynnet karatasi, naye Lynnet akaandika malalamiko: aliyemharibia mashine ashtakiwe.

Kompyuta ile ilikuwa kioja cha mji. Chini ya paa la bati, joto la mchana lilikuwa likiizima kila siku, na feni haikufua dafu. Ndipo Gisiri, fundi wa redio kutoka Osiri kule Migori na mchumba wa Lynnet, akaitengenezea kipoza maji. Tangi lilikuwa mtungi wa plastiki, pampu ilikuwa ile ya kurushia maji kwenye kioo cha gari, rejeta ndogo ilitoka kwenye hita ya Landrova iliyokufa. Juu ya ile chipu inayochemka alikaza kipande cha alumini alichokichonga kwa tupa wiki nzima. Maji yalipita humo, yakabeba joto, yakaenda kulitua kwenye rejeta. Ilifanya kazi vizuri ajabu, na mimi nasema fundi wa namna hiyo ni wa kuozwa haraka.

"Nani ako na ufunguo?" Gesare aliuliza.

"Mimi, Gisiri, na mama yangu. Mama hufagia."

"Na nani hapendi hii mashine?"

Lynnet alitazama ng'ambo ya barabara, alikokaa Cephas na taipureta yake. "Huyo alisema mbele ya watu, maji na stima wakioana watazaa moto."

Cephas alipohojiwa hakukana. "Nilisema, Madam. Lakini tangu Alhamisi nilikuwa matanga Mfangano. Nimeshuka boti saa hii."

Watu wanne waliosafiri naye walithibitisha. Mmoja alilalamika kwamba Cephas alikula nyama ya wafiwa kupita kiasi.

Gesare alirudi kwenye mashine. Kile kipande cha alumini kilikuwa kimeota manyoya meupe kama pamba, na chini yake palikuwa na tundu lililovujisha maji. Ndani ya tangi, vitone vya rangi ya fedha vilikimbiakimbia. Katikati yao kulikuwa na kifundo cha kitambaa cha leso kilichofungwa kwa uzi, na ndani ya kifundo, donge zito la kijivu lenye ukubwa wa punje ya maharagwe.

"Zebaki," alisema polepole.

Aliwahi kufanya kazi Migori miaka minne. Aliwaona wachimbaji wa Osiri wakitumia zebaki kunasa vumbi la dhahabu, kisha wakiikamua kwa kitambaa hadi libaki donge la kijivu lenye dhahabu ndani. Alijua pia kwamba zebaki ikigusa alumini huila hadi itoboke.

Kufikia saa nne Gisiri alikuwa kituoni. Ana ufunguo, anatoka Osiri, anaijua zebaki. Mkuu wa kituo hakutaka zaidi. Saa nane angepelekwa kortini, na harusi ilikuwa imebaki wiki mbili.

"Uliweka zebaki kwa tangi?" Gesare alimuuliza.

"Madam, hiyo alumini nilichonga mpaka vidole zikatoa damu. Sasa niue mtoto yangu?"

"Ulionyesha mama mkwe vile hiyo kitu inafanya kazi?"

Gisiri alishtuka. "Mama mkwe, maro wangu? Aa, Madam! Nikiingia na mlango ya mbele, yeye anatoka na ya nyuma. Hatujawahi hata kuangaliana. Ni heshima."

Gesare aliacha kuandika.

Saa saba aliwakalisha watatu katika chumba kimoja: Lynnet, Gisiri, na Mama Phelesia, mama yake Lynnet, aliyekaa pembeni amempa Gisiri mgongo, leso kichwani.

"Mtu akitaka kuharibu mashine, anamwaga zebaki tu," Gesare alisema. "Huyu alifunga donge lake vizuri, akaweka ndani ya maji, vile watu wa Osiri huweka zebaki isipotee hewani. Alikuwa anaficha mali. Anajua Osiri, lakini hajui kuna alumini huko ndani. Mwenye kujua ni Gisiri, na huyu mtu hawezi kumuuliza Gisiri kitu."

"Usiseme ni mama," Lynnet alisema. "Baba alifunikwa na shimo la Osiri. Mama aliniapia hatakanyaga huko tena."

Kisha Phelesia akasema, "Nimeenda mara tatu. Nimeosha mchanga na wamama wengine. Mimi niliolewa bila pete, nyathina, mwanangu. Nilitaka uvae dhahabu ile baba yako alitafuta akakosa."

"Na ukaificha kwa kompyuta?"

"Nyumbani ungeipata. Nani hutafuta dhahabu ndani ya kompyuta?"

"Wamemfunga Gisiri tangu asubuhi, mama! Na umenyamaza!"

"Nimekuogopa wewe kuliko polisi."

Ndipo Phelesia alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aligeuka, akamtazama mkwewe usoni. "Nisamehe," alimwambia.

Gisiri aliinamisha kichwa haraka. "Maro, tafadhali, usiniangalie. Nitachonga ingine."

Gesare alimsogezea Lynnet ile karatasi ya malalamiko. "Mlalamikaji ni wewe. Tunaendelea ama tunaondoa?"

Lynnet alikuwa akilia kwa hasira na kwa mapenzi, na hayo mawili hayakuwa tayari kuachana. Aliikata karatasi kwa mstari mmoja mrefu, akatia sahihi. Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake, akaishika mikono ile iliyochubuliwa na mchanga.

"Hii nimeondoa," alisema. "Lakini ukienda Osiri tena, mama, nitakushtaki mimi mwenyewe."