Mikono ya Léocadie na Lukumbi

Kila alasiri, Léocadie alipotwanga muhogo nyuma ya nyumba yao huko Wamaza, mchi wake haukutulia. Ulidunda, ukagonga ukingo wa kinu, ukadunda tena kwa mpigo wa lukumbi, lile gogo kubwa lililochimbwa ndani ambalo kijiji kilitumia kuitana. Marehemu baba yake alikuwa mpigaji, na masikio ya binti yalikuwa yameshika kila wito.

"Unatwanga unga ao unatwanga maneno?" mama yake, Apolline, alimtania. "Mwanamuke hagusi lukumbi. Wazee wanasema mikono itakauka."

Léocadie alicheka tu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mikono yake ilikuwa na nguvu tele.

Kicheko hicho kilikatika Abedi alipofariki. Abedi alikuwa mtoto wa pekee wa Amuri, baba mdogo wa Léocadie. Surua ilimkamata vibaya. Apolline ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati ya misheni. Mtoto akachomwa sindano, lakini walikuwa wamechelewa. Amuri alilia mpaka sauti ikamwisha. Kisha huzuni ikageuka hasira, nayo hasira ikatafuta mtu.

Siku moja baada ya maziko, watu walirudi kwenye mashamba ya pamba ambayo Wabelgiji waliwalazimisha kulima. Waliofiwa tu ndio walioachwa nyumbani. Hapo Amuri aliingia uani na panga mkononi, akamburuta Apolline hadi kwake. Chungu cha maji kilikuwa kinatokota, na ndani yake kulikuwa na jiwe.

"Toa jiwe!" alinguruma. "Mukono ukiungua, wewe ndiye mulozi, wewe ndiye uliyemuloga mutoto wangu. Ni desturi ya wazee!"

"Baba Abedi, nilimupenda mutoto yule sawa wangu."

"Usitaje jina yake!" Kofi likamwangusha Apolline chini.

Zéphirin, kaka yake Léocadie aliyekuwa amekuja maziko kutoka shule ya mapadri ya Kasongo, alimrukia Amuri. Bapa la panga likampiga kichwani, ngozi ikapasuka. Kijana akakimbia, damu ikimwingia machoni.

Léocadie alikimbia pia, akielekea barazani ilikokuwa lukumbi. Huko alimkuta kaka yake ameshika shoka, analikata gogo kama mwenye wazimu.

"Mambo yote ya zamani ni ya shetani!" Zéphirin alipiga kelele. "Nikimaliza hii, nitamumaliza na yeye!"

"Yaya, acha!" Léocadie alimsihi kaka yake mkubwa. "Mama anakufa!"

Shoka likapanda tena. Léocadie alimng'ata mkono mpaka akaliachia, akachukua magongo mawili, akaanza kupiga. Aliogopa sana, lakini mikono haikukosea. Lukumbi iliyojeruhiwa ilitoa sauti nzito ya kukwaruza: acheni mashamba, njooni, mtu anauawa.

Wanaume walifika mbio, majembe bado mikononi, wakafuata mayowe hadi kwa Amuri. Walimkuta Amuri ameuzamisha mkono wa Apolline majini hadi kiwiko, naye Apolline anapiga mayowe ya kupasua moyo. Wakamvamia Amuri. Chungu kilipinduka, maji yakamchoma Amuri miguu, na mipini ikamwangukia mgongoni. Angekufa pale pale kama Musafiri, kapita wa kijiji aliyesimamia kazi ya pamba, hangejitupa juu yake.

"Basi! Munataka tuzike mutu wa pili?" Kisha akamgeukia Amuri. "Unasema desturi ya wazee. Muzee gani alihukumu mutu peke yake, wenzake wakiwa shambani?"

Amuri aliketi kwenye matope ya maji yaliyomwagika. Ndipo akaanza kulia.

"Mimi ndiye nilimufungia Abedi nyumbani," alisema. "Apolline aliniomba tangu mwanzo tumupeleke. Nilikataa. Nilisema sindano si yetu."

Hakuna aliyempiga tena. Musafiri akauliza nani aliyepiga lukumbi, na Léocadie, aliyekuwa amefika mbio pamoja na kaka yake, akainua mikono yake. Mzee mmoja aliguna. Musafiri aliishika ile mikono, akaigeuza huku na huku mbele ya watu wote.

"Haikukauka," alisema. Halafu akamtazama Zéphirin. "Na wewe wa masomo, ulitaka kukata sauti iliyomuokoa mama yako."

Zéphirin aliinamisha kichwa.

Baraza la kijiji liliamua Amuri amlimie Apolline hadi mkono upone. Alilima akichechemea, na kila asubuhi aliomba msamaha upya. Zéphirin aliziba kidonda cha lukumbi kwa ulimbo kabla ya kurudi Kasongo.

Jioni moja Apolline, mkono wake ukiwa umefungwa bendeji ya zahanati, alikaa karibu na kinu.

"Mwanangu," alisema, "maji ya moto yametoka kwa wazee, na lukumbi imetoka kwa wazee. Baba yako mudogo alitaka kushika vyote. Yaya yako alitaka kutupa vyote. Hakuna kati yao aliyeuliza kitu kinamufanyia mutu nini, na mimi ndiye niliungua. Wewe uulize kila mara. Kinacholinda mutu, ukishike, hata kama ni cha zamani. Kinachomuumiza, ukiache, hata kama ni cha babu yako."

Léocadie alishika mchi, akatwanga polepole, akijizuia asitwange kwa mpigo wa lukumbi.

"Mbona kinu kimenyamaza?" mama yake aliuliza. "Piga. Leo nataka kusikia."